Kabla Hatujaenda Kuchota Udongo

Mado mwanangu,

Masanduku yako yamekaa mlangoni. Lile kubwa nimelifunga kwa mkanda wangu wa suruali, maana zipu imegoma, kwa hiyo asubuhi utanikuta nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja. Ucheke. Ucheke kwanza, ndipo usome, kwa sababu ukishasoma sijui kama utataka kunicheka au hata kuniangalia.

Habari za baridi, za pasipoti na za wanaume Tante Odette ameshakumalizia, nami sina cha kuongeza. Nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu tulipoondoa sahani mezani. Ulisema, huku ukikunja kitambaa: “Papa, kesho avant l'avion, mbele ya ndege, tupite kwanza kwa maman. Mama Vasiliki anaomba udongo ya kaburi yake. Kidogo tu, atie mu kisanduku ya Papa Stavro.” Nikajibu, “Ndiyo, tutapita.” Ukatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu turudi kutoka Ugiriki uniambie “tupite”.

Mado, kaburi la mama yako halipo.

Nimewatukana mawaziri, maaskofu na mabalozi kwa sentensi ndefu zenye mikia mitatu, na sikuwahi kutetemeka. Hii fupi imenishinda tangu saa ya chakula. Sasa imeandikwa. Acha nikueleze ilivyotokea, na pale nitakapoanza kujitetea utaniona, maana unanijua.

Mwaka ule wa safari yetu, baridi ilipokuwa inaisha, nilipita makaburini peke yangu. Unapakumbuka: ule uwanja wa makaburi wa manispaa ya Ganshoren, ambako ukisimama miguuni pa mama yako unaona kuba la kijani la Basilika ya Koekelberg juu ya miti. Tulikuwa tunakaa upande ule alipofariki, kabla hatujahamia upande huu wa Brussels, Saint-Gilles. Nilikuta kibao kimechomekwa mbele ya msalaba. Kilisema muda wa kaburi umekwisha, ndugu wa marehemu wafike ofisi ya langoni kabla mwaka haujaisha, la sivyo mahali pale patapewa mwingine. Ofisi ya langoni! Nilikuwa nimeipita nikiingia. Ningerudi hatua chache, ningetaja jina lake, ningetia sahihi, basi.

Badala yake nilikuja nyumbani nikaandika makala.

Ni ile uliyonichapia wewe mwenyewe kwenye mashine, “Hata Maiti Zetu Zinadaiwa Kibali cha Kukaa”. Ilikuwa makala nzuri, na ubaya wake ni huo. Niliandika kwamba nchi hii ilichimba shaba ya Katanga bila mtu kuiuliza shimo lake litafungwa lini, na leo inatupimia miaka ya kulala ndani ya shimo la kutosha mtu mmoja. Gazeti letu dogo liliitoa ukurasa wa kwanza. Tonton Faustin aliisoma kwa sauti kule Matonge, mtaa wetu Wakongo wa hapa Brussels, akasimama juu ya kiti, watu wakapiga meza. Hakuna aliyeniuliza kama sheria ile ni yetu peke yetu. Si yetu peke yetu. Kaburi lililopakana na la mama yako lilikuwa la mzee wa Kiflamandi, nalo lilikuwa na kibao kilekile. Nilikiona. Sikukiandika, kwa sababu kingeniharibia aya.

Wewe ulisimamisha vidole juu ya mashine ukaniuliza, “Papa, na ya maman? Njo vile pia?”

Nikakujibu bila kuinua macho, “Ya mama yako nilishapanga. Andika.”

Na jambo la ajabu ni kwamba nilipokuwa nasema vile niliamini. Tangu ujana wangu, jambo nikishaliandikia kwa hasira moyo wangu unalihesabu limekwisha. Nililaani ukosefu wa maji kule Lubumbashi kwa kurasa nyingi, na sikumchotea mama yangu ndoo moja. Nimefundisha historia, nimesoma vitabu mpaka sakafu ya nyumba imelalamika, na bado nadhani neno likishatoka mdomoni limefanya kazi ya mkono.

Sasa nije kwenye ule mlima wa Ugiriki.

Mama Vasiliki unamjua kuliko ninavyomjua, lakini hujui nilivyomjua kwanza, kwa sababu sehemu hiyo huwa nairuka. Yeye na mumewe Stavro walikuwa na duka la mikate Lubumbashi. Hawakuwa na mtoto. Bibi yako, mama wa mama yako, aliwafanyia kazi ya kufua, akafa kijana, nao wakamlea binti yake, wakambatiza kwenye kanisa lao la Kigiriki, wakamwita Eleni. Mimi nilimjua Eleni kwenye mlango wa nyuma wa duka. Sisi wanafunzi tulikuwa tunakwenda pale jioni, na Papa Stavro alitugawia mikate iliyobaki huku akitutukana kwa Kiswahili cha sokoni: “Kula, bavivu! Mukikuwa baministre mutanikumbuka!” Baadaye serikali ilipochukua maduka ya wageni, nilikuwa barabarani na wenzangu, tunaimba. Nilipiga makofi mbele ya duka lile. Mama yako alikuwa ndani, anamsaidia Mama Vasiliki kufunga masufuria kwenye shuka. Alinioa hata hivyo. Nasema alinioa, kwa sababu mimi sikuwa na uso wa kuomba. Wale wazee wakarudi kwao mlimani bila kitu, na kila mwaka barua yao ilifika.

Ndiyo maana ile barua ya kusema “Mwaka huu ninamutosha Stavro mu udongo, leta mutoto ya Eleni” sikuielewa, anamtoaje mtu udongoni, wala sikutaka kuuliza. Nilidhani ni misa ya kumbukumbu. Nikapanga kwenda kwa heshima, na kwa udadisi wa mtu aliyesoma, nikione kijiji chenyewe.

Na kweli tulikiona. Basi kutoka Ioannina lilitupandisha mpaka masikio yakaziba. Nyumba za mawe, mapaa ya mawe, njia za mawe, hata ukimya ulikuwa kama umechongwa. Wewe ulikuwa unanivuta shati, “Papa, regarde, regarde,” na mimi nilikuwa nimeshaanza kutoa mhadhara. Kanisa lao nje ni dogo na limeinama, kwa sababu enzi za Waturuki halikuruhusiwa kujionyesha. Ndani hakuna ukuta hata wa kuweka kiganja ambao haukuchorwa. Ulipoingia uliniachia shati. Leo najua kwamba safari yako ya kesho, ya kurudi kwenye michoro ile, ilianzia pale, shingo yako ikiwa imekunjika nyuma, unaangalia rangi chini ya masizi ya taa. Mimi nilichoona ni watakatifu waliokwaruzwa macho.

“Waturuki,” nilikuambia kwa sauti ya mwalimu. “Kila mshindi anaanza na macho.”

Mama Vasiliki akacheka nyuma yetu. “Bamoja ni Baturuki, Papa Dieudonné. Bengine ni sisi. Mutoto akiumwa macho, mama yake anakuya hapa, anakwaruza kidogo ya mutakatifu, anachanga na mayi, anamupaka. Hata miye balinipaka.”

Nilichukia kusahihishwa. Nikageukia ukuta wa mlangoni, ule wenye hukumu ya mwisho na mto wa moto, nikakuonyesha mashetani: “Tazama, Mado. Shetani wao ana rangi ya nani?”

Naye, mzee yule, akaja na fimbo yake akagusa ukuta. “Angalia bale benye kuchomwa. Ule ni askofu. Ule ni mwenye duka, alikuwa anaiba mu kilo. Na ule banatundika na ulimi, unamuona? Ule ni muntu ya kusema mingi.” Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. “Mupatie heshima, labda ni ndugu yako.”

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Padri akacheka bila kujua sababu. Nami nikacheka, kwa meno. Usiku wote nililala na mzaha ule kifuani kama mfupa wa samaki.

Kesho yake tukaenda makaburini nyuma ya kanisa. Ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa unaangalia mikono ya Mama Vasiliki, kwa hiyo niandike nilichokuwa naangalia mimi. Niliwaona wanawake watatu wamepiga magoti kwenye shimo, wanachambua udongo kwa vidole kama watu wanaochambua mchele. Niliona beseni la divai. Niliona shuka jeupe limetandazwa juani, na juu yake Papa Stavro, kipande kwa kipande, ananawishwa. Na ile nyumba ndogo yenye mlango wazi, ndani yake visanduku vimepangwa ukutani, kila kimoja na jina na picha. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanaongea naye. Mmoja alimkaripia, nadhani, kwa kuwa na mifupa mizito.

Mimi niliyewaandikia wachungaji wetu wa hapa Brussels kwamba wanaona uchawi kila mahali kwa sababu hawajasoma! Mimi niliyewajibu wazungu miaka yote kwamba ushirikina ni hadithi waliyotutungia! Nilisimama pale, na nilichokisikia kichwani ni sauti ya shangazi yangu wa kijijini: usimguse mfu aliyelala, usile kwa anayeongea na mifupa.

Mama Vasiliki alichukua fuvu, akalinawisha, akalibusu paji la uso, akalifunga kitambaa kama mtoto anayetolewa kuoga. Akakunyooshea.

“Mado, kuya. Shika babu yako. Usiogope, iko safi.” Kisha akaliambia fuvu: “Stavro, angalia, ni mutoto ya Eleni.” Kisha akakuambia wewe: “Na miye, siku yangu ikifika, ni weye utaniosha. Sina mwingine.”

Ukasema, “Ndiyo, nitakuosha.”

Nilipiga mkono wake. Si wako, wake, mkono wa mwanamke mzee. Nikapaza sauti mbele ya padri na kijiji kizima kilichobaki: “Mchawi! Mwache mtoto wangu! Mchawi we!” Fuvu likaanguka kwenye jiwe, likapasuka juu ya jicho.

Kuna mtu aliinua sepetu. Mama Vasiliki akawaambia neno kwa lugha yao, wakatulia. Akapiga magoti polepole, akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kuokota vile vipande vidogo kwa ncha ya kidole, kama mwenye duka la mikate anavyookota makombo juu ya kaunta. Hakuniangalia mpaka alipomaliza.

“Papa Dieudonné,” akasema, “mukate yake haukuiogopa. Unaogopa kichwa yake?”

Unakumbuka nilifanya nini? Nilikushika mkono nikakuvuta mpaka kituoni, tukangoja basi mchana kutwa juani bila maji. Hukulia. Ulikuja kusema tulipofika Ioannina, na ulisema mara moja tu: “Papa, ule mama alikuwa anaosha mutu yake. Et toi? Weye unaosha nani?”

Siku ile, Mado, kibao cha mama yako kilikuwa bado kimesimama Brussels. Muda ulikuwepo. Ulinipa hata swali lenyewe mkononi. Nikajibu, “Mambo haya huwezi kuyaelewa,” nikafungua gazeti.

Tuliporudi uliniambia hutakwenda kaburini nami mpaka nimwombe Mama Vasiliki msamaha, ukaenda zako Liège kusoma. Nilianza barua ya msamaha mara nyingi. Usidhani sikuanza. Kila moja ilipofika ukurasa wa pili ilikuwa imeshaanza kuwashambulia Waturuki. Sikutuma hata moja. Nilichotuma ni kile kichekesho changu kwa wenzangu kule Matonge, nikiwasimulia wazungu wanaoosha mifupa kwa divai, nikiigiza sauti ya mzee yule, wakicheka mpaka machozi. Fuvu nililiacha nje ya hadithi. Mkono wangu pia niliuacha nje.

Toussaint ya kwanza, sikukuu ya kuwapelekea wafu maua, sikwenda makaburini. Niliona aibu kwenda bila wewe. Ya pili ndiyo nilikwenda, nimebeba krisantemu za njano, mvua ile ya hapa isiyonyesha wala kuacha. Nilihesabu safu, nikarudi, nikahesabu tena. Mahali pa mama yako palikuwa nyasi changa, laini, zimekatwa vizuri. Mahali pa yule mzee wa Kiflamandi pia.

Hapo ndipo nilipokwenda ofisi ya langoni. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Mtu wa pale alinisikiliza, akavua miwani, akaniambia taratibu: “Monsieur, kibao kilikaa mwaka mzima. Tuliwangoja.” Akachukua mwavuli wake, akanisindikiza mpaka kwenye kona ya ua wa miti. Kuna jiwe pana la kijivu pale, halina jina. Chini yake wamewekwa wote ambao hakuna mtu aliyewajia. Akanishikia mwavuli kidogo, kisha akaona afadhali aondoke.

Mama yako yuko pale. Pamoja na Mflamandi wake, nadhani, na wengine.

Jioni ile ulinipigia simu kutoka Liège. “Papa, umepeleka maua?”

“Nimepeleka.”

“Maua gani?”

“Krisantemu. Za njano.”

“Merci, Papa.” Ukaongeza: “Alikuwa anapenda za njano.”

Kila neno nililokuambia lilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule. Mwaka jana nikakuambia vilevile. Na leo mezani nikasema, “Ndiyo, tutapita,” na ningeweza kuendelea, Mado. Hilo nataka ulijue kunihusu. Wakati unapanga nguo nilikuwa nimeketi hapa nimeshatunga: nitasema makaburi yamefungwa, nitasema tramu, nitakuchotea udongo wowote chini ya mti wowote wa Ganshoren, ukauchukua mpaka mlimani, mzee yule akauweka ubavuni mwa mumewe na kuubusu. Uongo ulikuwa tayari, una mwanzo, kati na mwisho. Mimi ni mwandishi. Kilichonizuia si wema. Ni kwamba nilimwona anaubusu.

Alimlea Eleni, akamfundisha kukanda unga na kusali, akaniachia mimi. Ninaye. Nilikuwa naye. Mimi niliyemwita mchawi kwa sababu hakuwaacha watu wake chini ya udongo bila kuwatazama tena, mimi ndiye niliyemwacha wangu akakusanywa na watu wasiomjua, siku ambayo hata siijui, labda nilikuwa nyumbani naandika.

Kwa hiyo asubuhi, ukikubali, hatutakwenda kaburini. Tutakwenda kwenye lile jiwe. Pembeni yake kuna udongo, si mwingi. Utakuwa udongo wa mama yako na wa watu wengine, na sina namna ya kuwatenganisha. Ukikataa kwenda nami, shika tramu. Ukiingia langoni, fuata ua wa miti upande wa kushoto mpaka kona. Yule mtu wa ofisi ana heshima, atakuonyesha.

Na ukifika mlimani usinisitiri. Najua tabia yako, utataka kulainisha. Mwambie Mama Vasiliki ni udongo wa nani na kwa nini, mwambie kwanza, kabla hajaufungua. Akiukataa, ni haki yake. Mwambie pia kwamba yule muntu ya kusema mingi amemwandikia ukurasa mmoja tu, umo ndani ya bahasha hii, na hauna Mturuki hata mmoja.

Ulimwahidi utamwosha. Nilisikia “Ndiyo” yako, ndiyo iliyonipandisha wazimu, kwa sababu hukusita hata kidogo, na mimi katika maisha yangu sijawahi kumjibu mtu vile. Siku hiyo ikifika, kama bado nipo na kama kijiji kitaniruhusu kupita kituo cha basi, niite. Sitasema kitu. Nitawashikia beseni.

Nimetafuta chombo cha kutilia udongo, nimepata chupa ile ya jemu ya mishmishi. Nimeikwangua karatasi, nimeiosha kwa maji ya moto, nikaiosha tena, harufu ya jemu ikawa bado ipo, nikaiosha tena. Uliniuliza kule Ioannina ninaosha nani. Hiki ndicho kitu cha kwanza nilichomwoshea mama yako. Nimekiinamisha juu ya kitambaa, karibu na kijiko. Mpaka utakapoamka kitakuwa kimekauka.

Papa